Mistari Mibaya ya Mwalimu Leokadia

Asubuhi niliyoacha kukata miwa sikuwa na mpango wowote. Wenzangu walikuwa wanapanda tela la trekta kwenda shambani, mimi nikabaki nimesimama na panga mkononi. Nikaliegemeza kwenye ukuta wa kambi, nikachukua mfuko wangu wa nguo, nikatoka barabarani. Lori la mbao lilinipakia mpaka Msamvu. Kutoka hapo nilitembea tu. Umri wangu ulikuwa umekaribia hamsini, na kazi nilizokwisha kuzifanya sikuweza kuzihesabu kwa vidole: mkonge, kuchoma matofali, kulinda godauni, kupika kambini. Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa. Siku moja nilimfuata mtu aliyekuwa anachimba kisima, nikataka kujua maji yatatokea wapi, sikurudi tena darasani.

Ninyi mnaoanza kazi hii ya kufuma leo mnauliza sisi tuliifanyaje. Nitawaeleza kadiri ninavyokumbuka. Lakini nitakuwa naeleza hasa kitambaa kimoja, ambacho mwenyewe, mwalimu wangu, alitaka akimalize kwa mkono wake kabla ya kufa.

Mtaani Mwembesongo nilipita mbele ya nyumba yenye chumba cha nje, mlango wazi. Ndani alikaa mama mtu mzima, miwani imeshuka puani, sindano fupi yenye ncha iliyopinda mkononi, na uzi mweupe unapanda kutoka kwenye bakuli lililokuwa sakafuni. Nikasimama. Uzi ulikuwa mmoja, kitambaa kilikuwa kipana, na sikuona fundo popote.

"Unatafuta nani?" akauliza bila kuinua macho.

"Shikamoo mama. Simtafuti mtu. Natazama huo uzi unaingilia wapi."

"Marahaba. Watu hupita hapa wakauliza bei. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza uzi unaingilia wapi. Kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Akainua macho. "Kumbe mtani wetu sisi Waluguru! Babu zako walipita hapa na mizigo vichwani, wewe umekuja mikono mitupu. Ukoo umeharibika. Kaa hapo."

Nikakaa kwenye ngazi. Akanipa sindano nyingine na uzi wa rangi ya kahawia, akanionyesha mnyororo, yaani vitanzi vinavyopitana kimoja ndani ya kingine, ambao ndio mwanzo wa kila kitu kinachofumwa kwa kroshia. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimefuma mnyororo mrefu kuliko mlango. Akaupima kwa macho, akashika ncha, akavuta. Wote ukafumuka kwa mara moja, ukabaki uzi.

"Hii ndiyo kazi," akasema. "Ukikosea, unavuta. Haina msumari wala gundi. Kesho uje."

Huyo ndiye Mwalimu Leokadia. Alifundisha sayansi kimu katika shule za msingi mpaka alipostaafu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Mume wake alikuwa amekwisha kufariki. Alikuwa na binti mmoja, Stella, mtumishi wa serikali Dodoma. Mimi nilipata chumba cha kupanga nyumba ya tatu kutoka hapo, kwa Mama Zuhura, muuza maandazi, ambaye hakuwahi kuchoka kunisema.

"Shabani, leo unamfumia nani sidiria?" alikuwa ananiita kutoka jikoni kwake, wateja wakisikia. "Mwanaume mzima na uzi! Na jembe nalo utalitia nakshi?"

"Nitakutia nakshi wewe mdomoni," nilikuwa namjibu, na yeye alicheka mpaka mafuta yakaungua.

Mwaka wa kwanza sikuruhusiwa kufuma kitu cha kuuzwa. Nilikunja uzi. Nilisoma namba kwenye karatasi za mabunda, kwa sababu nyeupe mbili zilizotiwa rangi siku tofauti hazifanani, na tofauti hiyo huonekana kitambaa kikishafuliwa, wakati mteja ameshakitandika. Nilipika wanga: uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, unachujwa kwa kitambaa, unatiwa tone la buluu ya kufulia ili weupe usifubae. Kitambaa kinachovywa humo, kinakamuliwa bila kusokotwa, kisha kinatandazwa juu ya godoro la sponji na kubanwa kwa pini kila tundu la ukingoni mpaka kikauke. Mtu akiharakisha pini, duara linakuwa yai.

Mwaka wa pili nilianza kupelekwa Mazimbu kila Ijumaa na mkoba wa vitambaa vya makochi, kuwauzia walimu wa chuo na watumishi. Wanafunzi wa kike hawakutaka vya makochi, walitaka vitopu, na walikuja na picha kwenye simu. Mwalimu alikuwa anaitazama picha, anahesabu kwa midomo, kisha anasema, "Rudi Jumatano." Hakuwahi kuandika kipimo cha mtu. Stella alipotufungulia ukurasa mtandaoni alikiita chumba chetu studio. Mwalimu alilicheka jina hilo, lakini nilimsikia akilitumia kwa padri.

Jambo alilonifundisha kwa ukali zaidi ya yote lilikuwa mkono. Katika kufuma, mkono maana yake ni jinsi mtu anavyokaza uzi. Yupo mwenye mkono mkavu, vitanzi vyake vinabana mpaka sindano inalia. Yupo mwenye mkono mlegevu. Wawili wakifuma nusu nusu ya kitambaa kimoja, kwa uzi uleule na hesabu ileile, nusu zao hazitalingana. Mwalimu alikuwa na mkono wa katikati, usiobadilika asubuhi wala jioni, akiwa na hasira au akiwa anaimba. Niliutamani mkono ule. Nilikaa miaka minne nikiuiga, mpaka nikaupata.

Nao ulihitajika, maana Mwalimu alikuwa na sukari. Kwanza ilimla vidole viwili vya mguu wa kushoto, vikakatwa. Halafu ikaingia mikononi. Daktari alimweleza kwamba mishipa ya fahamu inakufa taratibu, kuanzia nchani, na kwamba iliyokwisha kufa hairudi. Alirudi kutoka hospitali siku hiyo, akavua viatu, akaniambia nimletee mabunda kumi na mawili ya uzi mweupe wa pamba, yote ya namba moja.

"Kazi ya nani?" nikauliza.

"Yangu. Kitambaa cha kufunika jeneza."

Nikaacha kukunja uzi, nikamtazama.

"Usinitolee macho, mtani. Kwetu Matombo, kwa akina mama wa ukoo wangu, mwanamke alikuwa anakwenda kaburini na mkeka aliousuka mwenyewe. Bibi alikwenda na wake. Mama alikwenda na wake, wenye kasoro upande mmoja kwa sababu aliumaliza akiwa na homa. Mimi walinipeleka shule, mikeka sikujifunza. Nitakwenda na hiki. Lakini sharti ni lilelile. Mkono wa mtu mwingine usiguse."

"Hata nikikukunjia uzi?"

"Uzi kunja. Sindano usiingize."

Aliuchora mpango wake kwenye daftari la shule: mistari mia moja na arobaini, kutoka kichwani kwenda miguuni, nakshi ya majani ya mgomba. Alikuwa anakifuma Jumapili tu, akitoka misa. Siku nyingine zote zilikuwa za wateja. Mwanzoni alimaliza mistari miwili kwa Jumapili moja, akiongea na kunitania. Kitambaa kilikaa kwenye foronya ya mto, na foronya ilikaa juu ya kabati.

Miaka ikaenda. Vidole vyake vikaanza kudondosha sindano. Kazi za wateja akaniachia moja baada ya nyingine, na mimi nilizifuma kwa mkono wake. Siku moja mhadhiri mmoja wa Mazimbu, mteja wa zamani, alileta kitambaa cha meza kilichofumwa na Mwalimu enzi za afya yake, akataka kingine cha kufanana. Nilikifuma mimi. Mwalimu akaviweka sambamba mapajani, akavitazama muda mrefu.

"Kipi changu?" akaniuliza.

Nikamwonyesha.

"Ungenidanganya ningekubali," akasema. Sijapata kusifiwa kuliko siku hiyo, kabla yake wala baadaye.

Nadhani ni sifa ile iliyoniharibu.

Ilipofika mstari wa mia na kumi na moja, Mwalimu alilazwa. Figo zilikuwa zimeanza kugoma. Alikaa wodini siku tisa. Mimi nilimpelekea uji asubuhi na kurudi chumbani kwetu kufuma. Siku ya pili niliishusha ile foronya kutoka kabatini, nikijiambia nataka kukianika kitambaa kisiingie nondo. Nikakitandaza juu ya godoro la pini.

Mistari mia na saba ilikuwa kama iliyochapishwa. Minne ya mwisho sikuamini. Vitanzi vingine vilikuwa vimelegea kidole kinapita, vingine vimebana. Majani yalirukwa. Ukingo wa kulia ulikuwa umeanza kuingia ndani, upana wa vidole viwili. Fundi yeyote angejua matokeo yake: mstari wa tano ukijengwa juu ya hiyo, kitambaa kitazidi kupinda, na kufika miguuni kitakuwa kama mkia. Nikaona haya kwa niaba yake. Nikamwona amelazwa kanisani, na walimu wenzake wa sayansi kimu wamejipanga, wanakitazama.

Nikashika ncha, nikavuta. Mistari minne ilitoka kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Nikaifuma upya kwa mkono wake wa zamani, ule mzuri. Nilipoona imekaa, nikaendelea. Mpaka siku ya tisa nilikuwa nimeongeza saba. Nilifurahi, siwafichi. Nilimwona kwa mawazo akirudi na kukuta safari imepungua.

Alirudi kwa bajaji, mchana, amevimba uso. Akaketi, akaomba foronya. Vidole vyake vilikuwa havihisi tena, kwa hiyo alikuwa na desturi ya kukipitisha kitambaa kwenye mdomo wa chini ili ajue alipofikia. Akakipitisha. Akasita. Akarudia, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Akafika ukingoni.

"Shabani."

"Naam, Mwalimu."

"Huu upande umenyooka."

Nikainama kuokota pini sakafuni.

"Nani amekishika?"

"Ni mimi, Mwalimu. Nilikusogezea kidogo, usije ukakuta kazi iko mbali."

"Mistari yangu minne iko wapi?"

"Ilikuwa imekosea. Kitambaa kilianza kupinda, ndiyo nikairekebisha."

"Sikukuuliza ilikuwaje. Nimekuuliza iko wapi."

"Nimeifumua."

Alikunja kitambaa mara mbili juu ya mapaja yake, akaweka mikono juu. Nje Mama Zuhura alikuwa anabishana na mteja kuhusu maandazi ya jana.

"Unajua mstari wa mwisho nilikaa nao Jumapili ngapi?" akauliza.

"Sijui, Mwalimu."

"Tano. Nilikuwa siihisi sindano. Nilikuwa naitazama ilipo, ndipo najua nimeishika. Nikifumba macho kidogo, imeanguka." Alisema polepole, kama anayemweleza mtoto darasani hesabu aliyokwisha kuieleza. "Ile mia na saba, hata wewe ungeweza kuifuma. Yeyote mwenye vidole angeweza. Ile minne mibaya ndiyo niliyoifuma mimi."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Shika bunda."

Akatafuta ncha, akavuta. Nilikuwa nakunja uzi huku unatoka, mistari kumi na mmoja, yangu yote. Uzi uliokwisha kufumwa hutoka umejikunja kunja, haulali. Nilimsihi. Nilimwambia hali yake haina muda wa kurudi nyuma, nikamwambia angalau abakize ile minne ya chini, hakuna atakayejua.

"Nitajua," akasema. "Na wewe unajua. Tayari tuko wawili."

Hakunifukuza. Asubuhi iliyofuata alinisalimu kama kawaida, akanipa maagizo ya wateja. Lakini hakunitania tena. Miaka yote ile alikuwa ananiita mtani, na kuanzia siku hiyo aliniita Shabani, mpaka mwisho. Mama Zuhura aligundua kabla sijamweleza. "Mmegombana nini na Mwalimu?" aliniuliza, na kwa mara ya kwanza hakuweka mzaha. Nilipomweleza alishika kiuno. "Ungemwibia hela angekusamehe," akasema.

Alianza tena pale kwenye mia na saba. Sasa hakungoja Jumapili. Alikifuma kila siku alipoweza kukaa, uso umekaribia mapaja, sindano imefungwa kwenye kidole kwa kamba ya kitambaa ili isianguke. Alimaliza mstari mmoja. Alimaliza wa pili, mbaya kuliko ile niliyoifumua. Wa tatu aliufikisha katikati. Alifariki asubuhi ya Alhamisi, kitambaa kikiwa kwenye foronya na sindano imo kwenye kitanzi.

Stella alifika jioni ile kutoka Dodoma. Kesho yake asubuhi, wanawake wakiwa wanachambua mchele uani, alinifuata chumbani na ile foronya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pole."

"Kitambaa cha mama hakijafika miguuni. Maziko ni kesho, Matombo. Wewe ukikaa nacho leo unakimaliza?"

"Kukimaliza naweza, nisipolala."

"Basi kaa nacho. Chakula nitakuletea hapa hapa."

"Siwezi, Stella. Alinikataza."

Alinitazama kama hakusikia. "Alikukataza akiwa hai. Sasa ndugu wataona nini? Kwamba mama alikuwa fundi miaka yote hiyo na amefunikwa nusu?"

Nikamweleza yote, bila kujitetea, pamoja na ile minne. Nilidhani ataelewa. Alisikiliza mpaka mwisho, machozi yamemkauka.

"Kwa hiyo isingekuwa wewe," akasema, "mama angekuwa ameshafika mbele."

"Ndiyo."

"Na sasa unakataa."

"Ndiyo."

"Wateja wote umewafumia kwa mkono wake. Yeye mwenyewe unamnyima." Akaichukua foronya, akatoka.

Alijaribu kutafuta fundi mwingine pale mjini, lakini Mama Zuhura alimwambia jambo, sijui jambo gani, akaacha. Foronya aliirudisha kwa mkono wa Mama Zuhura, mwenyewe hakuja tena kuniambia neno. Nilichofanya ni kile nilichoruhusiwa. Nilitoa sindano kwenye kitanzi, nikafunga uzi kwa fundo lisifumuke. Nikapika wanga, nikakichovya, nikakibana kwa pini. Ile mistari miwili na nusu ya mwisho sikuinyoosha. Niliibana ilivyokaa.

Barabara ya Matombo ilikuwa na tope, gari la maiti lilisukumwa mara mbili. Jeneza lilipotolewa na kufunikwa, kitambaa kilishuka kutoka kichwani, majani ya mgomba yamejipanga, kikaishia pale yanapoanza magoti ya mtu. Baada ya hapo ni mbao tupu. Minong'ono ikaanza. Shangazi mmoja wa ukoo akauliza kwa sauti kama mjini uzi ulikwisha. Mwingine akavua kanga yake ya mabegani akaja kufunika palipobaki. Stella alikuwa ameinamisha kichwa.

Msibani mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kuzuia jeneza, anaweza kumtukana marehemu, na hakuna wa kumkasirikia. Nilikuwa sijalitumia jina hilo tangu niliponyang'anywa, na sikuwa na hakika kama bado nina haki nalo. Nikasogea mbele, nikaweka mkono juu ya ile kanga kabla haijatandazwa.

"Ondoeni nguo yenu!" nikasema kwa sauti. "Huyu Mluguru amezaliwa huku mlimani, hajawahi kuwa na blanketi la kufika miguuni. Leo mnataka aanze kudeka? Nimemfanyia kazi miaka yote hii, hakuwahi kunipa kiti, nilikaa kwenye ngazi. Mwacheni apigwe baridi ya miguu, aone na yeye!"

Halafu mzee mmoja akacheka, akatema mate pembeni. "Mnyamwezi huyu ana laana," akasema. Wanawake wakacheka huku wanalia, kama inavyokuwa. Yule wa kanga akaitwaa, akajifunga. Jeneza likanyanyuliwa lilivyo.

Nilitembea nyuma yake mpaka kaburini. Mistari miwili na nusu ya mwisho ilikuwa upande wangu. Ilikuwa imepinda, na mtu asiyejua kufuma angedhani kitambaa kimekaa vibaya.

Baada ya maziko Stella alinikuta nanawa mikono. Aliniambia nyumba itapangishwa, chumba cha nje pamoja. Akasema sindano na nyuzi ninaweza kuchukua, mama asingezikataa. Hakuniambia asante, wala sikuitegemea. Nilimwambia zigawanywe kwa wanafunzi wa Mazimbu wanaojifunza. Wengine wenu mnaosoma haya mnazo sindano zile.

Mnaniuliza kama kazi hii ina faida, kama inamlisha mtu. Inalisha, ukiwa na macho na ukiwa na subira na watu wa simu. Mnauliza siri ya mkono mzuri. Niliwahi kuupata mkono mzuri, na ninachowaombeni ni kidogo tu: kazi ya mwenzenu ikikaa mbele yenu na kosa lake, mwiteni kwanza. Kama yuko hospitali, msubirini. Kama harudi, iacheni. Najua vidole vitawawasha. Vyangu bado vinawasha nikikumbuka ule ukingo uliopinda. Asubuhi nyingine najikuta nauhesabu upya, vitanzi vingapi ningeongeza ili urudi kwenye mstari.

Siku ile sikupanda gari la kurudi mjini. Watu walipokuwa wanatafutana kuingia kwenye mabasi, nilitokea upande wa pili, kwenye barabara inayoteremka kusini. Pikipiki ya mtu aliyebeba ndizi ilinichukua mpaka Mvuha, mahali ambapo nilikuwa sijafika. Palikuwa na nyumba ya wageni yenye vyumba vichache na dada mmoja mapokezi, anamenya karanga. Akanisukumia kitabu cha wageni. Mnavijua vitabu vile: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Niliandika jina na kabila. Kwenye kazi nilikaa muda.

"Mzee, kalamu haiandiki?" akauliza.

"Inaandika."

Nikaandika mstaafu. Akakigeuza kitabu, akasoma.

"Umestaafu lini, baba?"

"Leo."

Akanitazama, matope ya kaburini yakiwa bado kwenye viatu vyangu, akaacha kumenya.

"Hapa kwenye uendako hujaandika."

"Acha hivyo."

Akafunga kitabu, akanipa ufunguo wa chumba namba nne, akaniambia ndoo ya maji iko nyuma na kwamba mlango una tabia ya kukwama, niusukume kwa bega.